Saa ya Kabati ambayo mzee wangu hakuwahi kuuliza bei

Wakuu, salamu kutoka Nunguni ninakofanya kazi, kwenye baridi na kabeji. Haya yalinipata mwenyewe na sijatia chumvi.

Kwetu ni Kitui, karibu na Kabati. Sokoni pale kuna duka la saa na redio la Mama Ndanu, aliachiwa na marehemu mumewe.

Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na saa moja ya mkono, vintage, yaani ya kizamani, ile ya kutia ufunguo kwa kuzungusha kitufe cha pembeni. Ililetwa ikiwa mpya mzee wangu akiwa kijana, na haikuwahi kupata mnunuzi. Hata karatasi ya kiwandani bado iko mgongoni.

Saa kama hiyo ikikaa tu, mafuta ya ndani yanaganda. Kwa hivyo kila siku ya soko, mzee akishauza kuku wake, alipita pale, akaitia ufunguo, akaisikiliza kidogo, akairudisha. Bei hakuwahi kuuliza.

Tulimtania sana. Tulisema ana bibi wa pili Kabati.

Mwaka huu akaugua, nikarudi nyumbani kumuuguza. Daktari alituita kando akasema tumrudishe nyumbani, hakuna la kufanya. Mzee hatukumwambia. Naye kila siku ni, "Nikipata nguvu kidogo naenda Kabati, ile saa isikufe."

Kisha Mama Ndanu akanipigia. Anataka kuiuza ile saa na kuna mtu wa Nairobi anaitaka. Amuuzie, ama nachukua mimi?

Hapo nilichanganyikiwa, wakuu. Ikienda Nairobi, mzee akiuliza nitasema nini? Nikimletea kitandani, si ni kama kumwambia Kabati hutafika tena?

Mamangu alinikataza kabisa. "Ukileta hiyo saa hapa, umemzika akiwa macho."

Nikaenda nikainunua, halafu nikamwomba Mama Ndanu airudishe kwenye kioo, palepale. Jioni nikamwambia mzee, "Baba, saa yako nimeiona. Iko."

Akatabasamu. "Hiyo inaningoja," akasema.

Hakukaa sana baada ya hapo.

Tulipomaliza mazishi nilienda kuichukua. Mama Ndanu aliifunga kwa karatasi polepole, kisha akaketi.

"Kijana yangu, wacha nikuambie ukweli. Sikuamua mimi kuiuza. Babako alinipigia, sauti imeisha kabisa. Akasema, hiyo saa itafutie mtu ikiwa bado inatembea, mimi huko sitakuja tena. Lakini watoto usiwaambie, wao bado wako na matumaini."

Nililia pale dukani, mtu mzima na ndevu zangu.

Alikuwa anajua siku zote. Lile tabasamu alikuwa ananifariji mimi.

Wakuu, inaniuma. Tulikaa nyumba moja, kila mmoja akimficha mwenzake jambo ambalo wote tunalijua. Nilikuwa na mengi ya kumwuliza, na naamini naye alikuwa na ya kuniachia. Badala yake tukamaliza siku zake tukiongea habari ya saa.

Nilichojifunza: mgonjwa wako akitaka kusema anaenda, usimzibe mdomo na matumaini yako.

Saa sijaivaa. Siku za soko naitia ufunguo, naisikiliza kidogo, naiweka chini.

Nyinyi mliouguza wazazi, hayo mazungumzo mliyaanzaje? Niambieni, hata kama kwangu ni kuchelewa.