Gunia lililolala nyuma ya karakana

Wasomaji wangu, juzi tulimzika mama mmoja wa Kabeza aliyekuwa akitunza panya wa maabara upande wa Ndera. Shinikizo la damu lilimwangusha jikoni, hakuamka tena. Nilimjua kwa sababu mimi ni seremala, na karakana yetu ndiyo iliyompelekea maranda ya kuwatandikia panya wake.

Kazi yake ilikuwa ya damu. Panya aliyetakiwa kupimwa, mama alimkandamiza shingo kwa fimbo ya chuma, akavuta mkia mara moja, mfupa ukalia kama kijiti. Kisha watafiti walimpasua na kuutoa uvimbe. Walikuwa wakiwachoma panya vijana na panya wazee sindano ya seli zile zile za saratani, siku moja. Kwa vijana uvimbe ulikwenda polepole. Kwa wazee, alisema, aliuona ukivamia nyama hadi ukapasua ngozi. Nikamuuliza inakuwaje, na seli ni zile zile.

"Wewe ni fundi. Msumari mmoja, nyundo moja. Ubao mbichi unafanyaje?"

"Unaupokea, mama."

"Na ule mkavu wa zamani?"

"Unapasuka."

"Basi usiniulize msumari tu, mwanangu. Niulize na ubao."

Kilichomuudhi ni kwamba watafiti wengi hutumia panya vijana, kwa kuwa panya mzee inabidi umlishe miaka miwili ndipo uanze kazi. "Dawa za sisi wazee wanazijaribu kwa watoto," alisema. Kwa hiyo aliwalea wazee wake kama kuku wa mayai.

Siku moja nilichelewa. Maranda mapya hayakuwepo, nikabeba gunia lililolala nyuma ya karakana, mahali panapokojoa panya wa mtaani.

"Hii iko mpya?" aliuliza.

"Ya jana, mama."

Kesho yake nilimkuta amekaa sakafuni. Madume wazee, waliokua pamoja tangu wadogo, walikuwa wameraruana. Mmoja hakuwa na masikio. Mwingine matumbo yalikuwa nje, na mwenzake bado anamng'ata. Damu ilifika kwenye vifuniko vya vizimba. Dume akinusa mkojo wa dume mgeni hupandwa na wazimu, na aliye karibu naye humshambulia. Ilibaki wiki moja tu wachomwe sindano.

"Kuna harufu imeingia," alisema. Akanitazama. "Maranda?"

"Oya, mama," nikakana. "Siyo maranda."

Akaunusa mkono wake mwenyewe. Siku iliyopita alikuwa ametoka harusini, amejifukiza udi. "Basi ni mimi," akasema, akachukua ile fimbo kuwamalizia waliobaki wanatapatapa.

Alianza upya na panya wachanga. Hao ndio kwanza wanazeeka sasa, naye hatawaona wakipimwa.

Msibani nilishangaa. Nyumba ya Waislamu, na hakuna harufu ya udi. Binti yake akaniambia, "Mama alikataza. Alisema udi wake uliua panya. Hata sanda yake hatukuifukiza." Nikanywa chai yangu.

Mama huyu alinifundisha kwamba ubaya usiutafute ndani ya uvimbe peke yake, utazame na kilichouzunguka. Siku ile alipekua mikono yake, nguo zake, nywele zake. Neno langu hakulipekua, kwa sababu aliniamini. Aliye karibu nawe akiwa mwongo, hata macho makali kama yale hayaoni.

Najua binti yake husoma ukurasa huu. Dada, fukiza udi nyumbani kwenu. Gunia lilikuwa langu.