Saa za Mama Afrah

Mimi ndiye niliyeandika kwamba Mama Afrah hana kazi. Nasema mapema, kabla hamjanipenda bure. Niliandika nikiwa na akili zangu timamu, saa nne asubuhi, kisha nikahamia mlango wa pili nikifurahi kwamba namaliza haraka.

Kazi yangu ni kukusanya takwimu. Mradi ukitaka kujua watu wa mtaa fulani wanakula nini au wanafanya kazi gani, unatupa sisi makarani tableti na jaketi la manjano, nasi tunaanza kubisha milango. Nakaa Kawangware, na wiki zile nilikuwa navuka kila asubuhi kwenda Makina, upande wa Kibera ambako Wanubi wameishi tangu enzi za mababu zao askari. Kwa kasi hakuna karani aliyenifikia. Wenzangu walikuwa wakimaliza nyumba kumi kwa siku, mimi kumi na tisa, na nilijigamba waziwazi.

Mama Afrah, ambaye jina lake mwenyewe ni Mabruka, nilimkuta uani. Ua wake ni mpana kuliko nyua zote za pale, na siku hiyo ulikuwa umefagiliwa ukafagilika. Mlangoni palikuwa na safu ya ndara za patipati, ndogondogo, za kila rangi. Mtoto mmoja alikuwa mgongoni mwake, mwingine ameng'ang'ania dera lake, naye mwenyewe anakoroga uji kwenye sufuria ambayo mimi ningeweza kuingia nikaoga. Nikamsomea swali kama lilivyoandikwa: katika siku saba zilizopita, amefanya kazi yoyote ya mshahara au biashara, hata kwa saa moja?

"Hapana, mwanangu," akasema. "Niko tu."

Nikabonyeza "hana kazi". Kisha nikamuuliza watoto wanaoshinda pale ni wangapi. Akaacha kukoroga, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama yake.

"Watoto hawahesabiwi, mwanangu."

Hapo ndipo nilipokosea, na nilikosea kwa heshima kabisa. Mimi ni Mkamba wa Kitui. Hata kwetu, ukianza kuwanyooshea kidole watoto wa mtu, huyu mmoja, yule wa pili, nyanya yangu angekutoa mbio na mwiko. Kwa hiyo nilimwelewa, wala sikutaka kumsumbua. Lakini tableti haijui miiko ya mtu, na haikubali kisanduku kitupu. Nikaweka sifuri, nikamshukuru, nikaenda zangu. Mahojiano yote yalichukua dakika nne.

Miezi miwili baadaye nilikuwa ofisini nikaona ramani imebandikwa ukutani. Mradi ulikuwa wa kuboresha mtaa: mitaro, taa, na kituo cha kukusanyia takataka, mahali ambapo malori yangepata nafasi ya kugeuza. Kila kiwanja kilikuwa kimepewa alama kulingana na shughuli zake za kiuchumi. Kinyozi alikuwa na alama. Mwenye kibanda cha kuchaji simu alikuwa na alama. Ua wa Mama Afrah ulikuwa na sifuri, umepakwa rangi ya kijivu. Mkaaji mmoja, mzee, hana kazi, hakuna watoto. Malori yangegeuzia hapo.

Nilikumbuka ile sufuria ya uji. Hakuna mzee anayeishi peke yake akapika uji wa kiasi kile.

Nikaenda kwa Kagiri, msimamizi wetu, mtu mpole anayezipenda namba kama wengine wanavyoipenda nyama choma. Nikakiri kosa langu lote. Alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Kamene, alama zimeshatoka. Siwezi kuzibadilisha kwa sababu umeota," alisema. "Lakini tuna ile fomu mpya tunayoijaribu. Haiulizi mtu anapata nini, inauliza siku yake inakwenda wapi. Kaa naye kutoka asubuhi hadi jioni. Kila robo saa, andika anachofanya. Akiweka sahihi, nitaipeleka kwa kamati Ijumaa. Bila sahihi yake, hiyo ni hadithi tu."

Jumanne saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa uani na fomu yangu. Mama Afrah hakushangaa sana. Alinipa kigoda na chai ya tangawizi, akaniambia nivue viatu.

Kina mama walianza kuingia. Wa kwanza alikuwa Ndeti, mama fua mzaliwa wa Machakos, ambaye huenda Riruta kufua nguo za watu. Akafuata Valerie, anayeuza dagaa wa omena Kisumu Ndogo, humu humu Kibera. Wengine walikuja kwa mkupuo. Hakuna aliyeeleza chochote. Wanamweka mtoto chini, wanamvua patipati, wanakimbia. Mmoja aliacha mkebe wa makaa, mwingine omena kidogo kwenye gazeti, na mwingine hakuacha hata salamu. Mama Afrah aliwapokea wote kwa sauti ileile.

Fomu ilikuwa na mstari mmoja kwa kila robo saa, na katika kila mstari kisanduku kimoja cha shughuli moja. Saa moja kamili Mama Afrah alikuwa anakoroga uji. Lakini mkono wa pili ulikuwa unamfuta mtoto makamasi, mguu unambembeleza mwingine aliyelala kwenye mkeka, na mdomo unawagombeza wawili waliokuwa wanavutana kifuniko cha chupa. Juu ya hayo, jirani mmoja mzee ambaye macho yamemwisha alikuwa ameketi ukutani anasubiri chai yake, kama kila siku.

"Mama Afrah, niandike lipi?"

"Andika chochote, usijichoshe," akasema. "Kunywa chai."

Tuna kanuni: karani hashiki kitu cha mhojiwa. Saa tano Mama Afrah aliniwekea mtoto mikononi. Hakuniomba. Alisema tu "shika", kama mtu anavyomwambia binti yake, akaenda kuanua nepi kwa sababu wingu lilikuwa limeanza kukusanyika. Nikashika. Alipolala huyo, nikapewa mwingine. Niliosha makalio, niliamua ugomvi, niliimba wimbo wa Kikamba kwa sauti yangu hii mbovu, na watoto wa Kinubi, wa Kijaluo na wa Kiluhya wakaupokea vizuri kuliko mpwa wangu mwenyewe. Nilipoketi nikaitazama fomu, saa nane ilikuwa imefika. Mistari kumi na miwili ilikuwa mitupu. Yaani saa zenye kazi kuliko zote ndizo fomu ilizoonyesha hakuna kitu, na karani mwenye kasi kuliko wote ndiye mimi. Nilicheka peke yangu pale mkekani mpaka machozi.

Watoto walipolala, akanisimulia habari zake huku akisuka kawa la rangi nyekundu na kijani. Alizaliwa katika nyumba hiyohiyo. Mumewe Adam alikuwa dereva wa lori, akafariki. Binti yao Afrah aliolewa Mombasa. Nyumba ikawa kimya, na kimya hicho kilimtesa. Kisha asubuhi moja, miaka kumi na sita iliyopita, msichana asiyemjua akabisha, mtoto mkononi, akasema ameitwa kazini, amshikie nusu saa tu. Alikuwa Valerie.

"Hiyo nusu saa yake," Mama Afrah alisema, "mtoto amemaliza darasa la nane. Sasa naona mama yake ameanza kuniletea wadogo zake."

Nilimpenda hapo. Sina njia nyingine ya kulisema. Niliketi kwenye ule mkeka nikampenda kama mtu wa nyumbani.

"Kwa nini hukuniambia haya siku ile nilipouliza?"

"Nikuambie nini? Nianze kutangaza nimemlea wa fulani, nimemlisha wa fulani? Nikishajilipa kwa mdomo, kwa Mungu nitaenda kudai nini?"

Jioni nilimsomea fomu kwa sauti. Mwisho wake kuna maneno ya kutiwa sahihi: mimi fulani nathibitisha kwamba hufanya kazi saa kadhaa kwa siku. Za kwake zilikuwa kumi na mbili. Akanirudishia fomu taratibu.

"Hii siwezi."

Nikamweleza habari ya malori na takataka, ambayo hakuwa ameisikia. Akauangalia ua wake kutoka mlangoni hadi ukutani. Lakini jibu halikubadilika.

"Siwezi kuweka kidole kwenye kujisifu. Mungu anaona."

"Mungu anaona, lakini kamati haioni!" nikapiga kelele. Mimi nina hasira za karibu, kila mtu Kawangware anajua. "Watakuja na malori, Mama Afrah! Hawa watoto wataenda wapi? Utawaweka mfukoni?"

Mtoto niliyekuwa nimempakata akashtuka akalia. Mama Afrah alimchukua kutoka mikononi mwangu, akaniambia kwa upole niende nyumbani nikapumzike. Nilipita Soko la Toi nikiwa nalia kwa hasira. Nilimkasirikia yeye, nikaikasirikia fomu, na zaidi ya yote nilikikasirikia kidole changu kilichobonyeza sifuri.

Asubuhi nilirudi kuomba msamaha. Langoni nikagongana na Ndeti, mtoto mgongoni. Kumbe habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Sasa Kamene. Ati ni wewe uliandika shosho hana job?" Wote humwita shosho, jina la Kikuyu kwa bibi wa Kinubi, na yeye huitika.

"Ni mimi."

"Na mimi uliniandika aje?"

Nikafungua kumbukumbu za tableti. "Mama fua, Riruta."

"Peke yangu?"

"Peke yako."

"Basi umekosea mara mbili," Ndeti akasema. "Hiyo kazi tunafanya watu wawili. Mimi naweka mikono, yeye anaweka hapa," akapiga mgongo alipolala mtoto. "Shosho akifunga hii gate leo, kesho mimi sina kazi. Niandike upya. Yeye ameogopa kujisifu, sawa. Mimi simsifu. Nasema vile kazi yangu hufanywa."

Kanuni zetu zinamruhusu mhojiwa kurekebisha fomu yake mwenyewe wakati wowote. Miaka sita nimeisoma kanuni hiyo na sikuwahi kuona ina faida gani.

Jumatano na Alhamisi nilikaa langoni kila walipokuja kuwaacha watoto na kila walipokuja kuwachukua. Watoto sikuwahesabu. Niliwahesabu mama zao, na hao hakuna mwiko uliowalinda: ishirini na sita. Kila mmoja alirekebisha fomu yake, akaweka sahihi au kidole. Yule asiyeachaga hata salamu ndiye aliyenishika mkono akauliza kama nimeandika vizuri jina la shosho.

Fomu zote nilimpa Kagiri, na Ijumaa kamati ilikuja kukaa uani penyewe, kwenye mabenchi yaliyoazimwa kanisani na msikitini. Mama Afrah alidhani wamekuja kuuchukua ua, na bado alikuwa amewapikia mandazi. Alikuwa anazunguka na birika Kagiri aliposimama na karatasi zake, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya namba.

"Ndeti. Kazi, kufua nguo, Riruta. Wanaofanya kazi hiyo, wawili: Ndeti na Mabruka. Valerie. Kazi, kuuza omena, Kisumu Ndogo. Wanaofanya kazi hiyo, wawili: Valerie na Mabruka. Christine. Kazi, mlinzi wa jengo, Kawangware. Wawili: Christine na Mabruka."

Birika likasimama hewani. Kagiri aliendelea. Alipofika jina la kumi sauti yake ilianza kupungua kasi, na kufikia la ishirini alikuwa anasoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani. Alipomaliza, mwenyekiti, mama mmoja mkali anayeitwa Wamucii, aliomba ramani. Akaweka kidole kwenye ile rangi ya kijivu.

"Kwa hesabu hii, huyu mama ana kazi ishirini na sita," akasema. "Hakuna mtu mwingine Makina mwenye kazi zote hizo. Malori yatafutiwe pengine. Na wewe, Kagiri, hiyo fomu yako ya zamani, tusiione hapa tena."

Kina mama walipiga vigelegele. Mimi nilimtafuta Mama Afrah, sikumwona. Nikaingia ndani mbio, kwa sababu nilijua tumemfanyia jambo lile lile alilolikataa: tumemtangaza, tena mbele ya kamati nzima. Nilimkuta ameketi kitandani, birika mapajani, analia kimya kimya. Nikapiga magoti.

"Nisamehe, shosho. Ni mimi niliyewaandika."

Akatikisa kichwa. Alijifuta kwa ncha ya mtandio.

"Miaka kumi na sita, Kamene," akasema. "Wanaweka mtoto, wanakimbia. Mimi nilidhani hawajui."