Mgongo wa Mama Msimu wa Wimbi

Gunia lililoloa likikutana na jiwe la moto hutoa harufu ya katani na moshi kwa pamoja, na nikiinusa popote pale narudi kuwa msichana wa miaka tisa, miguu peku, katika nyumba yetu ya nyasi kilimani upande wa Nyamira. Vita vikubwa vya dunia vilikuwa vimekwisha miaka michache tu nyuma. Wimbi, yaani ulezi, lilikuwa limeiva, vichwa vimejikunja kama ngumi za watoto wachanga, na ndege walilijua hilo kabla yetu. Wanawake wa kijiji walivuna kwa zamu, leo kwa huyu, kesho kwa yule, utaratibu tuliouita egesangio. Mwenye shamba ndiye aliyeongoza mstari na kuanzisha wimbo. Asipokuwepo, zamu ilirukia kwa jirani, na yeye mwenye shamba angengoja wote wamalize. Zamu yetu ilikuwa imebakisha siku kumi na mbili, nami nilikuwa sishikiki kwa furaha.

Ndipo mama alipoumia. Tulikuwa mtoni. Aliinama miguu imenyooka, akaunyanyua mtungi uliojaa, na papo hapo akageuka kunidai ngata ya kichwani. Mtungi ukaanguka, ukapasuka. Mama alibaki ameinama vilevile, mdomo wazi, bila sauti. Tulipanda kilima akiwa amelishika bega langu, na mwendo wa dakika chache ukatuchukua asubuhi nzima.

Bibi, mama yake baba, alitoa hukumu akiwa mlangoni: mgongo umevunjika kama mpini wa jembe, na mpini uliovunjika hautikiswi. Mama akalazwa juu ya ngozi ya ng'ombe, akakatazwa hata kuketi. Mgonjwa haulizwi uji, basi hakuna aliyemuuliza lolote. Siku tano alilala hivyo, na kila siku alizidi kukakamaa. Nilikuwa nikimsikia akilia akidhani nimesinzia.

Siku ya sita alifika shangazi Kwamboka, dada yake baba, aliyeolewa Mosocho. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye hatua za askari, naye mgongo ulikuwa umemlaza miaka ya nyuma. Hakukaa hata kunywa uji. Alipiga magoti kando ya mama.

"Wifi, nikikufinya hapa kwenye kidole cha mguu unasikia?"

"Nasikia."

"Na hapa pajani, kwa ndani? Haja ndogo inatoka vizuri?"

"Inatoka," mama akasema kwa aibu.

Shangazi akashusha pumzi. "Miguu ingekuwa imekufa ganzi, au haja imekwama, ningewaita wanaume na machela sasa hivi tukupeleke hospitali mjini. Lakini hii ni nyama iliyokasirika. Haitaki kuzikwa."

Bibi alisimama. "Kwamboka, utamuua mke wa kaka yako?"

"Mama, mimi mlinilaza miezi miwili. Nilipoinuka nilikuwa kama mtoto anayejifunza kusimama. Nani alinisikiliza?"

Bibi akasogea kando. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona mtu mzima akimpinga mama yake, na moyo ulinidunda kana kwamba nimepanda juu ya paa.

Kazi ikaanza. Mawe mawili yalipashwa moto jikoni, yakaviringishwa ndani ya gunia lenye unyevu, na shangazi akaligusisha kwanza kwenye mkono wake mwenyewe asije akamuunguza mgonjwa. Mama alilala chali, miguu imeinuliwa juu ya blanketi lililokunjwa, magoti yamepinda. Joto lilipomwingia alifumba macho akasema, "Mbuya mono," asante sana, kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu mtoni. Kisha shangazi akamfundisha kuinuka: geuka ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Mimi nikapewa kazi ya kutembea naye. Siku ya kwanza tulifika mlangoni. Siku ya pili, mgomba wa kwanza. Siku ya tatu tulifika mgomba wa sita, nami nikakimbia nyumba nzima nikipiga kelele, "Sita! Sita!" mpaka kuku wakatawanyika.

Lakini maji nani angeteka? Shangazi alimtazama kaka yake. Baba, mtu wa maneno machache ambaye hakuna aliyewahi kumwona na chombo cha maji, alichukua debe akaenda mtoni. Mwanamume, mchana kweupe! Wanawake waliacha kufua wakamshangilia na kumcheka, watoto wakamfuata, nami nikatembea mbele yake nimeinua kichwa kama binti wa chifu. Kwa heri au kwa shari, kijiji kizima kilijua siku hiyo.

Siku ya zamu mama alisimama mbele ya mstari. Hakuvuna sana. Alikata vichwa akiwa wima, na kila alipotaka kushuka alichuchumaa, mgongo umenyooka, kama mtu anayekwenda kukamua ng'ombe. Akaanzisha wimbo. Sauti ilitetemeka mwanzoni, kisha ikapanda, wanawake wakaidaka, na bibi, bibi yuleyule, akapiga kigelegele cha kwanza. Kinga na kinga ndipo moto uwakapo.

Sitadanganya kwamba mama alipona kabisa. Mgongo ulimrudia misimu mingine, hasa alipojisahau akabeba mzigo wa kuni kwa pupa. Lakini hakulazwa tena kama mpini.

Siku hizi lile shamba ni majani ya chai mpaka bondeni. Mwezi uliopita mkaza mwanangu alishikwa na mgongo akichuma. Ana godoro zuri, ana vidonge, na daktari alimweleza kwa dakika kumi mambo ambayo shangazi aliyajua kwa kuteseka: jipashe joto, usilale kutwa, tembea. Nilifurahi kusikia. Kisha nikamuuliza anatembea na nani. Mume yuko kazini Mombasa, watoto wako shule za bweni, jirani amefunga geti. "Peke yangu, mama," akasema, na ndipo nilipoona tulichopoteza huku tukipata mengi. Kesho yake alfajiri nilivaa viatu vya mpira nikabisha mlangoni kwake. Hatukufika mbali, maana magoti yangu nayo yana mambo yake, lakini tulicheka njia nzima.