Mzee Ndahiro na Mashini ya Kukataa

Kukataa ni kazi. Wako wanaodhani kila mwenye mdomo anaweza kukataa. Hao hawajamwona Mzee Ndahiro wa Kimanga. Miaka ishirini na miwili sasa, kuanzia kule milimani hadi huku chini kando ya ziwa, mtu akitaka kumwoza binti yake kwa heshima humwita Ndahiro awe msemaji wake. Wageni wakiomba binti, Ndahiro anasimama na fimbo yake, anakohoa kidogo, anasema: "Binti? Binti gani? Siye huku tuko na ng'ombe tu." Wakiomba tena, anasema binti yuko lakini ni mdogo, meno hayajamaliza kuota. Wakirudia, anakumbuka kwamba binti alikwisha kuchumbiwa na mtu wa Sange. Watu wanacheka mpaka wanashika mbavu, maana kila mmoja anajua kwamba mwishowe atasema "Tumewapa," na hapo bibi arusi atatolewa ndani na bwana arusi ataruhusiwa kupita getini. Binti asiyekataliwa kwanza anaonekana kama kitu kilichookotwa njiani.

Basi ikafika zamu ya binti yake mwenyewe, Shimwa, mtoto wake wa pekee, na mzee akapata mashaka mawili.

La kwanza lilikuwa mchumba. Gédéon ni kijana mpole, anasali, hana ubaya, ila kazi yake ya kompyuta haielezeki. Watu wanaonunua maziwa kwake wakimwuliza Ndahiro mkwe wake anafanya nini, anajibu, "Anafundisha mashini," nao wanauliza, "Imefika darasa la ngapi?" Aibu tupu! La pili lilikuwa zito zaidi. Kwa desturi, siku hiyo baba wa binti hasemi neno. Anakaa kitini kimya kama gunia la mihogo, anasemewa. Asemewe na nani sasa? Alimjaribu Bigirimana, msemaji wa Sange, akakuta anakataa kama mtu anayeomba radhi.

Ili angalau ajue kuieleza kazi ya mkwe, Ndahiro akajiandikisha katika darasa lake: chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, mashini sita, wanafunzi tisa, na yeye mwenye miaka hamsini na tisa.

"Minye niko mwanafunzi," alimwambia Gédéon siku ya kwanza. "Usiniogope. Lakini usinizoee."

Maskini Gédéon, kila siku shati lilimlowa jasho mgongoni. Wiki ya tatu wakafika kwenye bukle, yaani kuiagiza mashini irudie jambo lile lile mpaka itakapoambiwa basi.

"Tuseme unakamua ng'ombe," Gédéon alieleza, akidhani amepata mfano wa kumfurahisha mzee. "Maziwa ikiwa iko, unakamua. Maziwa ikiisha, unaacha. Ile ndiyo bukle."

Ndahiro akavua kofia. "Ikiisha? Na ndama atanyonya nini, mawe? Nani alikufundisha weye kukamua?"

"Ni mufano tu, Muzee."

"Mufano wa kuua ndama! Na mutu wa namna hii anataka kuoa kwangu!"

Saa ile hakuna aliyesoma tena. Lakini njiani kurudi nyumbani jambo likamwingia mzee kichwani. Kitu kinachorudia bila kuchoka, bila kusahau, bila kudai Fanta katikati! Alisimama palepale barabarani, pikipiki ikampigia honi, naye akaicheka. Msemaji alikuwa amepatikana.

Akarekodi kwa sauti yake mwenyewe maneno manne ya kukataa, yale matamu kabisa. Akaandika agizo: mashini iseme la kwanza, ingoje nusu dakika ili wageni waombe, iseme la pili, hivyo hivyo mpaka la nne, kisha irudi kwenye la kwanza. Gédéon alimsaidia kipande kwa kipande bila kuambiwa ni vya nini.

"Inasimama lini, Muzee? Kila bukle lazima ijue itasimama lini."

"Bageni wakiacha kuomba," Ndahiro akajibu kwa majivuno. "Mutu atabonyeza hapa."

Gédéon akajikuna kichwa. Lakini ni nani anayemsahihisha baba mkwe mara mbili katika mwezi mmoja? 

Likabaki neno moja la kurekodi, lile la "Tumewapa." Mara ya kwanza Ndahiro aliishia kukohoa. Mara ya pili alimsikia Shimwa akiimba uani huku anafua, akazima. Mama yake Shimwa alifariki mtoto akiwa na miaka kumi, na tangu hapo chai ya asubuhi katika nyumba ile ilikuwa ya vikombe viwili tu. Tuseme ukweli, mzee aliogopa. Akajaribu tena na tena, kila mara akijiambia atarekodi kesho, na kesho ikaja kuwa Jumamosi yenyewe ya kumtoa binti.

Turubai likafungwa, wageni wakajaa, mashini ikawekwa mezani pamoja na bafle, yaani spika, kubwa iliyoazimwa kanisani. Spès, dada yake Ndahiro, akakalishwa mbele ya hiyo mashini, kidole juu ya kitufe cha kuisimamisha. Shimwa alikuwa chumbani, Gédéon nje ya geti, koti limembana. Onesphore, msemaji wa wageni, mtu wa Makobola, akasimama akaomba binti.

"Binti? Binti gani?" ikanguruma bafle. "Siye huku tuko na ng'ombe tu!"

Loo, watu walicheka! Mzunguko wa kwanza ulikuwa utukufu mtupu. Wa pili, watu walidhani ni mbwembwe. Wa tatu, walicheka wajomba peke yao. Kufika wa sita, watoto walikuwa wanasema pamoja na bafle, neno kwa neno, na Onesphore anajifuta jasho kwa tai.

"Spès, bonyeza!" wamama wakanong'ona.

"Nibonyeze nini? Ndahiro alisema wakiacha kuomba. Wameacha?"

"Onesphore, acha basi kuomba!"

"Minye niache kuomba mutoto wa watu? Nitarudi Makobola na sura gani?"

Alikuwa na haki yake. Msemaji akiacha kuomba kabla hajapewa, amewavua nguo waliomtuma. Akaomba tena, bafle ikakataa tena. Umeme ukakatika, watu wakapiga makofi na kumsifu Mungu. Kumbe mashini ina betri, na bafle nayo ina betri. "Binti? Binti gani?"

Fundi wa kuinyamazisha bila kile kitufe cha Spès alikuwa mmoja tu, na mjomba aliyeshika geti hakutaka kumfungulia.

"Acha niingie, niko mwalimu wake!" Gédéon alilia.

"Binti hajatolewa. Si unasikia? Wanasema hawana."

Wali ukapoa. Macho yote yakamgeukia Ndahiro, naye akakaa kimya kama desturi inavyotaka. Kumbe moyoni alikuwa anafurahi, mzee mbaya yule! Kila bafle iliposema hakuna binti, kifua kilimtulia kidogo. Kwa upande wake ingeendelea mpaka Pasaka.

Ghafla mlango ukafunguka, Shimwa akatoka bila kuitwa. Mashangazi walipiga yowe kana kwamba nyumba inaungua. Akapita katikati yao, akachuchumaa karibu na kiti cha baba yake.

"Papa, ile sauti ya kukubali iko wapi?"

"Haiko."

"Ulisahau?"

"Sikusahau." Mzee aliangalia viatu vyake. "Nilijaribu mara kumi na moja. Kila mara niliishia kuzima."

"Binti ni mdogo," ikasema bafle, "meno hayajamaliza kuota!"

Shimwa, miaka ishirini na minne, akacheka kwa meno yote, machozi yakimtiririka. "Papa, ninamupenda yule mutu. Na weye ninakupenda. Ninaumia kukuacha, lakini ninataka kwenda."

Ndahiro akainuka. Akasogeza kidole cha Spès, akabonyeza mwenyewe. Bafle ikanyamaza, sufuria za jikoni zikasikika.

"Tumewapa," alisema, kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyewahi kuisikia kwake.

"Tunaomba tena binti..." alianza Onesphore kwa mazoea.

"Umepewa!" turubai zima likampigia kelele.

Vigelegele vikalipuka, geti likafunguliwa, Gédéon akaja mbio na vumbi la barabarani mpaka magotini. Akanyoosha mkono kumpokea Shimwa. Lakini mkono wa Shimwa ulikuwa ndani ya mkono wa baba yake, na mzee hakuuachia.

"Muzee?" aliuliza Gédéon taratibu.

"Ngoja. Nihesabu mpaka kumi, ndipo bukle yangu isimame."

Akahesabu kwa sauti, polepole, watu wote wamesimama. Kwenye saba alipumzika. Kwenye tisa alikaa sana, na hakuna aliyemharakisha, hata Spès. Kisha akasema kumi, akaachia.