Matikiti Makubwa ya Annuarite

Annuarite alikuwa mwanamke wa kujisifu, na sifa zake zote zilikuwa za matikiti. Vita vya mwaka tisini na nane vilipomfukuza kwao Fizi, wenzake walibeba masufuria. Yeye alifunga kwenye pindo la kitenge mbegu za tikiti alizoachiwa na marehemu mama yake. Alizipanda bondeni kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, na kila msimu alikula, akauza sokoni Lumbadzi, akaweka mbegu za msimu ujao. Shamba, nyumba, kaburi la mama, vyote vilibaki Kongo. Alizipenda mbegu zile kuliko alivyowapenda watu wengi, na hakuficha.

Kilichomponza ni ukubwa. Dany, Mkongomani wa Bukavu aliyeuza mbolea na dawa za mimea mjini, mtaa wa Area 36, alimwonyesha kichupa cha dawa ya kukuza matunda. Akamweleza taratibu: apake kile kitunda kichanga kilicho nyuma ya ua jike, maua machache tu, mengine awaachie nyuki. Annuarite akaitikia zikomo, asante ya wenyeji, kwa adabu, akarudi nyumbani, akapaka yote. Tena aliyafunga kwa karatasi alfajiri kabla hayajafunguka, nyuki wasije wakamfutia dawa yake. Na mwaka ule alizipanda mbegu zote, hakubakiza hata moja, maana akili yake ilikwisha kufika sokoni.

Matikiti yakavimba hata watu wakatoka ibadani kwenda kuyatazama. Siku ya kuvuna alilipasua la kwanza mbele ya majirani, kwa madaha. Ganda lilikuwa nene, utamu wa kubahatisha, na mbegu hamna, ila vigamba vyeupe laini, maana ua lisiloguswa na nyuki halifungi mbegu. Majirani walifurahi kwamba hawana cha kutema. Annuarite akapasua la pili, la tano, la tisa. Mtaka yote hukosa yote. Akaketi palepale katikati ya vipande akalia kwa sauti, maana aliona kama anamzika mama yake mara ya pili.

Watu wakaondoka kimyakimya. Akabaki Nahayo, Mrundi wa nyumba ya pili, mzee wa kanisa mwenye sauti nzito kuliko kwaya nzima. Alikohoa mara nyingi kabla ya kusema.

"Mama Annuarite, mwaka ulipita mi njo niliiba tikiti yako. Mbegu nilipanda nyuma ya nyumba. Iko inazaa."

"Uliiba ngapi?"

"Mbili."

Nahayo alitazamia kupelekwa mbele ya mchungaji. Annuarite aliinuka, akashika kisu, akamwamuru atangulie. Nyuma ya ua wa matete wa mzee wa kanisa kulitambaa mimea ya Fizi, yenye matikiti madogo yasiyo na majivuno. Akapasua moja. Mbegu nyeusi zilijaa tele, na machozi yakamtoka tena, safari hii ya furaha.

"Nahayo, we ni mwizi, na Mungu anakuona," alisema huku akizikusanya kwenye kitenge. "Mwaka kesho uibe tatu."