Sahani ya Mwenye Bembea

Jirani yangu, mke wa polisi, alimpoteza binti yake kwenye bembea ya minyororo katika bustani moja ya michezo upande wa Ggaba. Mnyororo ulikatika bembea ikiwa juu. Tulikuwa matangani, tukijiandaa kuusafirisha mwili kwenda kwao Gulu kuzika, mwenye bustani alipokuja na masufuria ya pilau na nyama.

Mimi ni Mkenya, nimesomea falsafa, na naandika makala. Kwa sababu hiyo familia iliniteua msemaji wao mbele ya wakili waliyemweka kudai fidia. Hawakujua kwamba niliwahi kuandika kuwa kudai fidia ya ajali ni kumfanya marehemu bidhaa. Makala ile ilisifiwa sana, hasa na watu ambao hawajafiwa.

Yule bwana alilia machozi ya kweli. Hilo lilinikera, ningefurahi angekuja na kiburi. Aliketi mkekani, akamwambia mama wa mtoto, "Ni mipango ya Mungu. Tule pamoja, tuzike mtoto, ya mahakama tuyaache."

Nilikuwa na njaa. Nikapewa sahani, nikaipokea kwa mikono miwili, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Mwalimu," akaniambia baba mdogo wa marehemu, sajini mstaafu, "weka chini. Hiyo unataka kula ni kesi yetu."

"Wakenya bwana," mtu akasema nyuma. "Watatuuza kwa nyama."

Mzee aliyekaa kando yangu akaninong'oneza: kwao huwezi kula na mtu ambaye kuna damu kati yenu mpaka maneno yaishe. Ukila naye, yameisha. Na kwa kuwa nilikuwa msemaji, tonge langu lingekuwa tonge la ukoo.

Mama akamgeukia mgeni. "Ile bembea imesimama?"

"Imesimama, mama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka fundi aseme iko sawa."

"Fundi wa nani?"

"Wangu."

"Yule yule alisema iko sawa?"

Akaitikia kwa kichwa, bila kumtazama.

"Mwalimu, wakili anaweza kuleta fundi mwingine?"

"Mahakama inaweza kuamuru," nikasema. Falsafa yote ikaishia hapo. "Lakini wakili anataka daktari auchunguze mwili kwanza. Hatutaweza kuzika kesho."

Baba mdogo akainamisha kichwa. Ndugu walikuwa wanasubiri Gulu, kaburi limeshachimbwa, na barabarani basi la kutupeleka lilikuwa tayari linanguruma. Mwenye bustani akasema taratibu, "Mama, usimcheleweshe mtoto."

Mama akageuka kulitazama basi, hata nikaogopa kwamba amekubali. Kisha akaichukua sahani mikononi mwangu, akarudisha pilau kwenye sufuria, akafunika.

"Mwambie dereva azime gari," akasema.