Chumba cha Miche cha Mama

Enzi zetu pale Kifanya, tulipokuwa wadogo, hakuna aliyeuliza kama kuna baridi. Mwezi wa sita na wa saba tuliamka tukakuta bonde lote jeupe kwa jalidi, majani yakivunjika chini ya nyayo. Viatu hatukuvijua. Tukienda shule tulipita makusudi kwenye zizi la jirani, tukawainua ng'ombe, kisha tukasimama pale pale walipolala, miguu ndani ya lile joto, macho tumefumba kwa raha. Wajukuu wangu nikiwasimulia haya wanashika pua. Wao wana soksi, kofia na makoti mawili mawili, na bado wanataka kupelekwa shule kwa bodaboda.

Mimi ndiye Yuditha, mtoto wa kwanza, ndiyo maana kijiji kizima kilimwita mama yangu Mama Yuditha. Baba, kama wanaume wengi wa Ubena siku zile za Mwingereza, alikuwa Tanga kwenye mkonge. Sisi tuliishi kwa vinyungu, yale matuta ya bondeni yanayolimwa kiangazi kwa unyevu wa kijito. Tulipanda njegere, viazi, kabichi na figiri. Ila Mama alipenda nyanya, na nyanya na jalidi hazikai pamoja. Kila mtu alisubiri baridi iishe ndipo asie mbegu, kwa hiyo nyanya za kijiji ziliiva siku moja na kuoza siku moja.

Sasa Mama aliona jambo. Nyuma ya jiko letu, pale tulipomwaga majivu na maganda, nyanya zilijiotea zenyewe katikati ya baridi, zimeegemea ukuta unaopata moto wa mafiga upande wa pili. Mtu mwingine angezing'oa. Mama alichuchumaa akaziangalia mpaka ugali ukaungua. Wiki ile ile akaanza kujenga.

Alijenga kibanda kifupi kilichoegemea ukuta ule wa jiko. Alikandika kuta kwa udongo, akaezeka nyasi nene, na mlango wake ulikuwa mkeka. Chini alichimba, akashindilia samadi mbichi na majani, na samadi ilipoanza kuchemka yenyewe ukawa ukiingia unahisi umeingia tumboni mwa ng'ombe. Juu yake alipanga vichanja vya mianzi, na kwenye vichanja makasha ya udongo laini, mengine madebe yaliyokatwa. Mbegu alizikamua kutoka nyanya zilizoiva mno, akazikausha juu ya kitambaa.

Jirani yetu, Mama Yeremia, alikuja kuangalia akacheka mpaka akashika mbavu.

"Mama Yuditha! Watoto wako wanagombania blanketi moja, halafu mbegu unazijengea nyumba?"

"Zikiota nitazituma zikuamkie, dada," Mama akajibu, huku akiendelea kukandika.

Zikaota. Loo, zilivyoota! Vijani viwili viwili, vimeinama kama watoto wanaosali. Kazi yetu ilikuwa kuyatoa makasha jua likishapanda na kuyarudisha kabla halijapoa. Mama hakuwa na kipimo cha joto. Alilaza shavu ukutani. "Ukuta uwe kama shavu la mtoto aliyelala," alitufundisha. "Ukizidi hapo, toa kuni." Vidole vyetu vilinuka majani ya nyanya mpaka kanisani, nami nilikuwa nikivinusa mchungaji akihubiri.

Mwaka mmoja baridi ilikuja ya kuua. Hata njegere ziliungua kwa jalidi. Ndani ya chumba cha Mama miche ilikuwa imefika urefu wa kidole, mashina manene, mizuri kuliko mwaka wowote. Asubuhi hiyo mama mkwe wa Mama Yeremia akaingia uani kwetu, bibi mzima, anakimbia.

"Mama Yuditha, njoo. Mkwe wangu amejifungua, na mtoto hajatimiza miezi."

Nilimfuata Mama. Mtoto alikuwa mdogo wa kuenea kwenye viganja vya mikono. Halii. Nyayo zake zilikuwa za zambarau, na upepo ulipenya kwenye kuta za nyumba yao ukacheza na moshi. Hospitali ya misheni ilikuwa mbali, gari hakuna, na kumtoa na baridi ile njia nzima ilikuwa kumzika. Mama alimfunga ndani ya kanga yake, kifuani.

"Mwinueni mama yake," akasema. "Wanakuja kwangu."

Tulipofika chumbani ikaonekana wazi: vichanja na watu haviwezi kuenea humo. Mama alisimama mlangoni kidogo, akiitazama miche yake.

"Yuditha, toa makasha."

"Yote, Mama?"

"Yote. Na vichanja ving'oe."

Nikayatoa, yakakaa uani kwenye upepo. Nililia, nakiri, lakini nililia nikifanya kazi. Wanawake waliokuwa wametufuata waliniangalia. Halafu yule bibi akainama akabeba kasha moja kichwani.

"Hili litakaa kando ya moto wangu," akasema.

Mwingine akachukua la pili. Hawakuagizwa. Uani pakabaki peupe, na Mama, akiwa amepiga magoti akitandika nyasi kavu na mkeka juu ya samadi, akawapigia kelele kutoka ndani: "Msiyasogeze sana motoni! Pimeni kwa shavu!"

Mama Yeremia alikaa mle, mgongo ukutani kwenye joto la jiko, mtoto ngozi kwa ngozi kifuani, blanketi letu moja juu yao. Maziwa alimkamulia tone tone kwa kijiko. Sisi tulilala kwenye magunia na hakuna aliyelalamika. Mama aliulisha moto, akatoka nje, akalaza shavu, akarudi. Siku zikapita hivyo, mtoto akipumua tu kama panya. Asubuhi moja nikiwa natwanga nikasikia kilio, kilio hasa, cha hasira. Mchi ukanitoka mkononi. Mama aliinua mkeka wa mlango.

"Mama Yuditha," Mama Yeremia akasema kutoka ndani, machozi yanamtiririka, "mimi nilikucheka."

"Ulicheka, ndiyo. Sasa mnyonyeshe."

Baridi ilipolegea, mtoto akatoka na makasha yakarudi. Kasha moja mbuzi alilila lote, jingine kuku walilichakura, na miche ya bibi ilikuwa mirefu, miembamba, inanuka moshi. Lakini mingi ilikuwa hai. Tulipanda pamoja, na nyanya zetu ziliiva wakati za wengine bado maua. Madereva wa malori yaliyotoka Songea kwenda Makambako walisimama wenyewe barabarani, na Mama Yeremia ndiye aliyenadi kwa sauti kubwa kuliko wote. Mtoto alibatizwa Elia, ila kijiji kilimwita Mche, na alirefuka mpaka akawa anainama kila mlango.

Leo naishi Makambako. Mjukuu wangu ana kitalu cha nailoni chenye kipima joto, miche inaota baridi na kiangazi, na anaiuza kwa simu bila kutoka kitandani. Namsifu kwa moyo wote. Mama angekaa humo kutwa nzima. Lakini kitalu kina kufuli, nyumba ina ukuta, na ukuta una vipande vya chupa juu. Juzi umeme ulikatika, mashine yake ya joto ikazima, naye akabaki anapiga simu kwa fundi, fundi hapokei. Nilimwambia, "Peleka miche kwa majirani." Akanitazama kwa upole, kama mtu anayemtazama mzee.

"Bibi, majirani gani?"

Nikafungua mdomo nimtajie majina, nikakuta sina hata moja.